Mchunga alioutaka mama

Jumapili, alasiri.

Upepo wa Same leo umehamia ndani ya nyumba. Tangu asubuhi nafuta meza na vumbi linarudi, sasa nimeacha. Juu milimani naona wingu limekaa, huku chini hakuna dalili hata ya tone. Kanisani sikwenda. Simu nimeizima. Nakuandikia wewe, shajara, kwa sababu ni wewe peke yako usiyeweza kuniambia pole.

Nimechoka na pole.

Wanaopita kwenye blogu hii, ambayo leo nimeigeuza shajara, wamezoea kunikuta naeleza namna ya kuotesha mnanaa kwenye ndoo iliyopasuka, au kwa nini giligilani huwahi kutoa maua kwenye joto letu hili. Leo sina somo. Nataka kuandika juu ya mboga moja tu, mchunga, na nilichokifanyia kijiji changu, na nilichomfanyia mama yangu. Wiki tatu zimepita tangu tumzike.

Mimi ni bibi shamba. Kwenye barua za ofisi naitwa afisa ugani, lakini milimani hakuna anayeniita hivyo. Kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini imekuwa kuwaambia watu wapande nini na wang'oe nini. Nilikuwa nazipenda sehemu zote mbili.

Kwa asiyeujua mchunga: ni mmea mfupi, majani yake marefu yamechanika pembeni, maua ni ya njano, na ukikata jani linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Hakuna anayeupanda. Unaota wenyewe kwenye mahindi, kwenye maharage, kando ya njia. Mizizi yake inatambaa chini kwa chini, na jembe likikata mzizi mmoja, wiki ijayo unakuta miche mitatu. Na ni mchungu. Mtoto akila mara ya kwanza anatema.

Chuoni nilifundishwa kuuita gugu. Mwalimu wetu wa mimea alituambia pia jambo jingine, nikaliandika kwenye daftari nikalisahau: kwamba mchunga na letusi ni wa ukoo mmoja. Letusi, au saladi kama tunavyoiita sokoni, zamani nayo ilikuwa chungu na ina utomvu huo huo. Watu wa Misri ya kale waliilima kwa ajili ya mafuta ya mbegu zake. Warumi walikula majani, na waganga wa zamani walitumia ule utomvu kumpatia mgonjwa usingizi. Wakulima, kizazi baada ya kizazi, wakawa wanachukua mbegu za mche uliopungua uchungu kuliko wenzake, mpaka uchungu ukaisha karibu wote. Kilichobaki ndicho hicho kinachowekwa pembeni ya chipsi na watu wanakiacha kwenye sahani.

Kwetu milimani letusi ilikuja na wamisionari. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akifanya kazi kwenye jiko lao. Mama alinisimulia kwamba siku ya kwanza bibi alipoosha letusi na kuona utomvu, alidhani wazungu wamechuma mchunga bila kujua kuupika, akawahurumia, akauchemsha. Aligombezwa vibaya. Mama alikuwa akicheka kila akifika hapo. Mimi nilikuwa nacheka naye.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nazunguka.

Miaka kumi na minane iliyopita, hoteli moja ya watalii kule upande wa mbugani ilikuwa inatafuta wakulima wa letusi, giligilani, mnanaa na rozimeri. Baridi ya kwetu inafaa sana kwa mboga hizo. Ofisi ikanipa kazi ya kuanzisha kikundi cha akina mama kijijini kwetu kwenyewe, juu ya Makanya. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na pikipiki ya ofisi. Nilijiona nimerudi nyumbani kama mtu aliyebeba kitu.

Nikaitisha mkutano uwanja wa shule. Nikawaambia mashamba yote yanayozunguka bustani lazima yawe safi. Magugu yanaficha wadudu, magugu yanakula mbolea, mchunga na mnavu ni mambo ya njaa, ni chakula cha watu waliokuwa hawana la kufanya. Nikaleta dawa ya kuua magugu na bomba la kupulizia. Nikawaonyesha. Ndani ya siku chache majani yakawa kahawia na wanawake wakashangaa kwamba hawakuinama hata mara moja.

Kila mtu alikubali isipokuwa Mama Eliamani.

Mama Eliamani ni mwanamke wa rika la mama yangu. Shamba lake liko chini ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, na hata kiangazi halikauki. Alisema hana haja na dawa, mchunga ni mboga yake. Hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu anavyosema hana haja ya chumvi zaidi.

Wiki iliyofuata wageni wa hoteli walikuja kuona maendeleo. Nikawazungusha. Halafu, na hapa sikulazimishwa na mtu, nikawapeleka wageni na wanakijiji wote mpaka kwenye shamba la Mama Eliamani. Nikasimama kwenye tuta lake na kusema, "Hili ndilo shamba chafu. Mtu kama huyu ndiye anayetuchelewesha sote." Yeye alikuwepo, ameshika jembe. Watu walicheka. Wageni walipiga picha.

Mama Eliamani aliendelea kupalilia maharage yake, akiruka kila mche wa mchunga.

Mama yangu alikuwepo kwenye lile kundi. Sikumtazama. Jioni ile alinipikia ndizi na nyama, akaniambia nimeongea vizuri. Kesho yake akaniomba nimpulizie shamba lake.

Mradi wa letusi uliishi misimu miwili. Hoteli ikabadilisha wamiliki na gari la kuchukua mboga likaacha kuja. Letusi ikabaki kwenye matuta ikarefuka, ikatoa maua, ikawa chungu kama ndugu yake. Watu wakawapa ng'ombe. Wao wenyewe hawakuila hata siku moja, kwa sababu kwetu kutafuna majani mabichi bado ni kazi ya mbuzi. Rozimeri ikakauka. Kilichobaki ni dawa ya magugu. Hiyo watu waliipenda, wakaizoea, na kila msimu dukani haikosekani.

Mimi nikahamishiwa kazi nyingine, kule Ndungu kwenye mpunga. Nikasahau.

Mwezi wa saba mwaka huu daktari alituambia tumrudishe mama nyumbani. Alisema kwa upole kwamba tumbo lake halina tena la kutibiwa, tumpe anachotaka kula. Nikachukua likizo nikapanda kijijini. Wifi yangu Upendo, mke wa kaka, ndiye aliyekuwa anamuuguza muda wote. Aliponiona alikaa chini akalia, nadhani kwa kuchoka tu.

Mama hakutaka kula. Uji alikataa, supu alikataa, makande aliyoyapenda maisha yake yote aliyaangalia kama hayajui. Nilikuwa nimebeba letusi kutoka kwenye bustani yangu ya hapa Same, laini, nimeikata nyembamba na kuikamulia limao. Alichukua jani moja, akalitafuna taratibu, akalirudisha kwenye sahani.

"Hili halisemi kitu," alisema. "Nataka mchunga."

Nikafurahi. Nilidhani ni ombi dogo.

Siku hiyo hiyo nilikwenda shambani kwake. Palikuwa safi. Nikaenda kwa jirani, na jirani wa jirani. Nikapita kando ya njia zote nilizochezea utotoni, nikiinama kama mtu aliyedondosha hereni. Wanawake niliowauliza walishangaa. Mmoja, mama mtu mzima niliyekuwa naye kwenye kile kikundi, aliniambia, "Mchunga? Si wewe uliyetuambia tuumalize?" Hakuwa ananisema vibaya. Alikuwa anauliza kweli, labda hakukumbuka vizuri.

Kesho yake nikashuka mpaka soko la Hedaru. Kulikuwa na mchicha, matembele, kisamvu, hata mnavu kidogo. Mchunga hakuna. Kiangazi, wakaniambia, subiri mvua. Nilikuwa na mgonjwa asiyeweza kusubiri mvua.

Siku ya tatu Upendo alinifuata nyuma ya nyumba nikiwa naanika nguo. Akasema, huku anaangalia kamba, kwamba mchunga upo kwa Mama Eliamani. Upo miaka yote.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tangu siku ya kwanza. Akasema hakuna mtu kijijini aliyejua aniambieje.

Nilikwenda. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na mfereji, anasafisha jembe. Amezeeka, lakini mgongo bado umenyooka. Nyuma yake shamba lilikuwa la kijani, na katikati ya maharage niliyaona yale maua ya njano. Nikamwamkia. Aliendelea kusugua jembe, nikadhani hataitikia.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Umekuja kukagua?"

Nikamwambia mama anaumwa na hali chochote, anataka mchunga. Akanyanyuka, akachukua kikapu. Nilipotaka kuingia shambani nimsaidie, alinyoosha mkono akanizuia. Nikasimama kwenye njia. Alichuma mwenyewe, jani moja moja, yale machanga ya juu.

Akiwa ameinama ndipo aliponiambia. Hakunitazama.

"Mama yako amekula mboga hii jikoni kwangu miaka yote. Kila Alhamisi, tukitoka kwenye kikundi cha maombi. Alikuwa anakaa nyuma ya mlango, anakula, ananawa, anaondoka."

Sikuelewa. Nikauliza kwa nini hakuja kuchuma akapike kwake.

"Watu wangesema mama wa bibi shamba anakula magugu," alisema. "Alikuwa anakufichia aibu."

Alinipa kikapu. Sikumbuki nilivyofika nyumbani.

Nakiri na jambo la kijinga kuliko yote. Nilipika mwenyewe. Nilimwambia Upendo apumzike, nikataka mama ale chakula cha mikono yangu. Nikauchemsha ule mchunga, nikamwaga maji. Nikauchemsha tena na magadi, nikamwaga tena. Nikaunga kwa kitunguu na tui la nazi, na juu yake nikakatakata giligilani niliyobeba kutoka Same. Ulinukia vizuri. Ungeweza kuuweka kwenye picha. Mikono yangu ilikuwa inafanya ilichozoea.

Mama alikula tonge moja. Akalizungusha mdomoni, akalimeza kwa adabu, kama mgeni.

"Asante, mwanangu," alisema. "Umeutoa wote."

"Nimetoa nini, mama?"

"Uchungu."

Akageukia ukutani.

Ningeweza kurudi kwa Mama Eliamani kesho yake asubuhi. Ni mwendo wa nusu saa. Sikurudi. Siku mbili nzima nilijipa kazi: nilifua mashuka, nilikarabati banda la kuku, nilimsomea mama Zaburi. Nilikuwa naona haya kuomba mara ya pili. Mama yangu alikaa siku mbili bila kula kwa sababu mimi nilikuwa naona haya.

Siku ya tatu Mama Eliamani alikuja mwenyewe. Aliingia na furushi la kanga chini ya kwapa, akamsalimia Upendo, akamwomba Upendo sufuria. Mimi alinipita. Alipika kwenye mafiga matatu, maji kidogo, chumvi, mchunga ukachemka mara moja na maji yake hayakumwagwa. Harufu yake haikuwa nzuri. Ilikuwa harufu ya shamba lililokatwa.

Akamwinua mama, akamwegemeza kifuani kwake, akamlisha kwa mkono. Mama alikula. Alikula tonge la kwanza, la pili, mpaka nikaacha kuhesabu. Akanywa na ule mchuzi wa kijani. Walikuwa wanazungumza Chasu, Kipare chetu, kwa sauti ya chini, mambo ya mtu fulani waliyemjua wakiwa wasichana, na mama akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho tangu nifike. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ambayo hakuna aliyeniagiza.

Mama Eliamani alipotoka kuosha sufuria, nikakaa kitandani nikamuuliza mama kwa nini hakuniambia. Miaka kumi na minane.

Alifikiri kwanza.

"Ungefanya nini?" aliuliza. "Siku ile watu wote walikuwa wanakusikiliza. Ulikuwa na furaha sana. Nikasema moyoni, mboga ni mboga tu."

Nikasema samahani, mama. Sijui kama alisikia, maana alikuwa amefumba macho. Mama Eliamani aliporudi aliniambia nimwache alale.

Mama Eliamani aliendelea kuja kila siku, saa ile ile. Mama alifariki Jumamosi ya wiki iliyofuata, asubuhi, Upendo akiwa anamfungulia dirisha.

Msibani Mama Eliamani alikaa na wanawake wengine akimenya ndizi. Nilimfuata nikamshukuru. Nilikuwa nimejiandaa, nina maneno marefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi.

"Sikukuletea wewe," alisema. Akachukua ndizi nyingine.

Hajakosea.

Nimeandika mpaka hapa nikaenda kunywa maji. Ningeishia hapa ingekuwa rahisi, lakini kuna jambo la Ijumaa.

Ijumaa nilirudi kazini. Mezani nilikuta boksi la pakiti za mbegu na barua. Kuna mradi mpya, mboga za asili. Watu wa mijini wanazitafuta, barua inasema, zina virutubisho kuliko kabichi, na wananchi wahamasishwe kuzirudisha mashambani. Mnavu, mgagani, mchunga. Kwenye pakiti ya mchunga kuna picha ya maua ya njano, na maelekezo ya namna ya kuupanda. Namna ya kuupanda. Bosi wangu, ambaye alikuwa sekondari wakati nikipulizia dawa kule juu, alisema uzinduzi unaanza kijijini kwetu Jumatano saa nne, na kwamba mimi ndiye nifaaye kwa sababu watu wa kule wananiamini.

Nikacheka. Nilicheka mpaka katibu muhtasi akaja kuuliza kama niko sawa.

Jioni nilimpigia Upendo, nikamwomba apeleke simu kwa Mama Eliamani. Nilikuwa nimepata wazo na nililiona zuri, ndivyo nilivyo, mawazo yangu huwa mazuri siku ya kwanza. Nikamwambia Mama Eliamani kuhusu mradi. Nikamwambia shamba lake litakuwa shamba la mfano, watu watakuja kujifunza, yeye atasimama mbele awafundishe na jina lake litaandikwa kwenye ripoti.

Nilisikia maji ya mfereji upande wake.

"Shamba langu ulishalionyesha mara moja," alisema. "Inatosha."

Nikaanza kueleza. Akanikatisha, bila kupandisha sauti.

"Njoo wewe usimame pale shuleni, mbele ya watu, useme ulikosea. Mimi nitakaa mbele nikusikie."

Akamrudishia Upendo simu.

Nimeamua kwenda. Nimeamua jana mchana, na leo asubuhi nikaamua upya, kwa hiyo nadhani ni kweli. Nitaanza na jina lake, halafu jina la mama, na pakiti za mbegu nitazitoa mwisho kama atabaki mtu wa kuzipokea. Bosi atakuwepo na atashangaa. Ashangae. Hakuna litakalorudi kwa hilo. Najua mama hatakuwepo kusikia, na najua Mama Eliamani akishanisikia anaweza kunyanyuka akaenda zake bila kunipa mkono, na atakuwa na haki.

Tangu adhuhuri najaribu kulisema humu chumbani, peke yangu, dirisha nimelifunga. Nilikosea. Ni neno moja. Kila nikilitamka mdomo unaongeza "lakini": lakini nilikuwa kijana, lakini ndivyo tulivyofundishwa, lakini nilitaka kuwasaidia.

Nina kesho na keshokutwa za kujifunza kulisema na kuishia hapo hapo.